Pedali Inashuka Taratibu

Nemba, 11 Februari 2024

Baba mkubwa Idefonsi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta nje ukiota jua, si kitandani. Dada Selestina ameniambia kwamba simu huisikii tena, ukipewa unaitikia "ndiyo, ndiyo" halafu unamrudishia. Basi nimerudi kwenye kalamu, na barua nimempa kondakta wa basi la Ngara.

Huku Nemba hatujambo. Mume wangu Ndassa anasema ng'ombe wake wanakusalimu. Yeye mwenyewe atakusalimu wakishashiba. Baba naye yupo. Anatembea, anakula, anagombana na mbuzi.

Sasa jambo lenyewe. Nimechoka kupakia maharage kwenye magari ya watu. Kila wiki tunatoka kijiji jirani cha Bisibo akina mama saba na magunia yetu, na tukifika soko la Ngara wanunuzi wazuri wameshaondoka. Nimeamua kununua gari, dogo, lenye viti safu tatu na nafasi ya magunia nyuma. Lilitumika Japani, kisha Mwanza, na sasa liko kwa Gozbert, muuza magari wa pale Biharamulo mjini. Gozbert anasema lilikuwa la mzee wa kanisa aliyeenda nalo ibadani tu. Nikamwuliza, "Kilomita laki mbili za ibada?" Akajibu kwamba mzee alikuwa mcha Mungu sana.

Kinachonitisha ni breki, kwa sababu ya ile miteremko ya kwenu. Kwenye mtandao nimepata mahali ambapo nchi moja ya ng'ambo inakusanya malalamiko ya usalama kutoka kwa wenye magari. Unaandika aina ya gari na mwaka, unasoma wenzako walipatwa na nini. Aina hii ina malalamiko arobaini na sita ya breki. Sijui kama ni mengi au machache, na sijui niyasome vipi.

Nilimwuliza Baba. Akasema, "Mwulize kaka yangu. Yeye ndiye aliyekuwa anatunza daftari." Akaenda kufunga mbuzi. Unajua tangu ile ajali yake hagusi usukani wala hakai kiti cha mbele, kwa hiyo sikumfuata.

Wewe ulikuwa karani wa magari ya shirika enzi za wakimbizi. Nifundishe. Gari hilo litabeba watu wanane kila wiki, na mmoja wao ni mimi.

Mwanao,
Clotilda


Murukulazo, 2 Machi 2024

Mwanangu Clotilda,

Marahaba. Barua yako ilifika salama, ikinuka samaki kidogo, nadhani kondakta aliiweka pamoja na chakula chake. Selestina amenisomea mara moja, kisha nimeisoma mwenyewe kwa miwani miwili.

Sisi hatujambo. Migomba imeangushwa na upepo upande wa chini, lakini ya juu imesimama. Mwili wangu unazeeka kwa utaratibu wake na sina la kulalamika. Msalimie Ndassa na ng'ombe wake wote kwa majina.

Kuhusu malalamiko. Idadi peke yake haikuambii kitu. Gari lililouzwa kwa watu wengi litalalamikiwa na wengi, na gari lisilolalamikiwa huenda wenyewe ni wavivu wa kuandika. Lalamiko si ushahidi kwamba gari lako ni bovu. Linakuonyesha tu pa kumpeleka fundi mkono wake.

Anza kwa kutenga. Wale wanaolalamika kwamba mabomba ya breki yameliwa na kutu, angalia wanaishi wapi. Kule kwenye barafu humwaga chumvi barabarani, na chumvi hula chuma. Hao waweke pembeni, usiwatupe, maana hujui gari lako limepita wapi. Wanaosema breki zinapiga kelele, waache. Wanaosema pedali imekuwa ngumu kama jiwe, waandike mahali pao. Wanaosema gari linavuta upande mmoja, mahali pao. Na kwa kila mmoja tafuta mambo haya: gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi, lilikuwa limebeba nini, lilikuwa likishuka au likitembea tambarare, na fundi alipoangalia alikuta nini. Hasa hilo la mwisho. Fundi akisema "sikuona kosa" na shida ikarudi, hapo ndipo pa kusimama.

Kisha mtafute wakala wa kampuni ya gari hilo, mpe namba ya chesisi, aulize kama magari ya aina hii yaliwahi kuitwa kurudi kwa matengenezo na kama hili lako lilipelekwa.

Usilipe kitu mpaka tumalizane.

Baba yako mkubwa,
Idefonsi


Nemba, 19 Machi 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Asante sana kwa somo. Nimelisoma kwa sauti hapa nyumbani na Ndassa akasema, kumbe mzee huyu angekuwa hakimu.

Mvua zimeanza. Bisibo wamepanda mahindi, na sisi tunasubiri trekta ambalo kila siku linakuja kesho. Baba alikohoa wiki nzima, sasa amepona. Naona barua yako haikuwa na salamu zake. Nimemwambia zilikuwamo. Safari ijayo usinifanye mwongo.

Nimefanya kazi uliyonipa. Nimeyasoma yote arobaini na sita kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne, na ili nisikuchoshe nimeyafupisha vizuri. Kutu, kumi na tisa. Kelele, kumi na moja. Pedali ngumu, manne. Kuvuta upande, matano. Yaliyobaki saba nimeyaweka pamoja: breki zahitaji kuangaliwa.

Namba ya chesisi niliipeleka kwa wakala. Gari halikuwahi kuitwa. Kwa hiyo naona tuko salama. Gozbert ananiita kila siku, ananiambia, "Mama, hao wa ng'ambo hulalamika hata kiti kikiwa baridi." Nasubiri neno lako tu.

Mwanao,
Clotilda


Murukulazo, 27 Machi 2024

Clotilda,

Marahaba. Muhtasari wako ni mzuri sana. Hata mwandiko unafanana na wangu. Ndiyo maana nakuomba usiutumie.

Hayo saba uliyoyaweka pamoja, niletee maneno yao wenyewe. Usisahihishe, usipunguze, hata kama mtu ametukana. Usilipe.

Idefonsi


Nemba, 8 Aprili 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Barua yako ilikuwa fupi mpaka nikageuza karatasi kutafuta nyingine nyuma. Hujauliza habari za mtu yeyote, lakini hatujambo. Pasaka tulikula mbuzi yule mkorofi, na Baba akamlilia kidogo.

Sitaficha kwamba nimekasirika. Nimefanya kama ulivyosema, wakala amejibu, gari ni zuri, na Gozbert amepata mnunuzi mwingine kutoka Chato. Amenipa mpaka tarehe 30 mwezi huu. Nikikosa hili, sijui nitapata lini jingine. Akina mama wanasubiri. Wote isipokuwa Mama Nimpaye. Yeye, ambaye nyonga yake ilivunjika siku ya ajali ya Baba, amesema atapanda gari langu siku Baba atakapohama wilaya.

Haya, maneno yao ni haya. Manne yanasema tu kwamba breki ni dhaifu. Matatu yana maelezo, nimeyatafsiri neno kwa neno.

Wa kwanza: "Nilikanyaga breki kwenye mvua, gari likachelewa kusimama. Nilibadilisha matairi, sasa ni sawa."

Wa pili: "Nikiwa nimesimama kwenye mteremko, mguu ukiwa palepale juu ya breki, pedali inazama polepole mpaka chini. Nikiiachia na kukanyaga mara ya pili inarudi. Fundi anasema mafuta ya breki yamejaa na hakuna kosa. Nimekwenda mara tatu. Naogopa kumbeba mke wangu."

Wa tatu ni kama wa pili, ila yeye aligonga geti la nyumba yake.

Wawili kati ya arobaini na sita, Baba mkubwa. Nilimsomea Baba huyo wa pili, akainuka akatoka. Nilipomfuata akaniambia, "Mwanangu, breki hazina neno. Tatizo ni dereva. Mimi nilisinzia, nikamvunja mama wa watu." Kila tukimwuliza husema hivyohivyo, ilhali alipigwa kichwa na hakumbuki kitu.

Sasa nakuuliza mimi. Kuna jambo unalijua na huniambii. Ukinyamaza, tarehe 30 nalipa.

Clotilda


Murukulazo, 24 Aprili 2024

Mwanangu Clotilda,

Marahaba. Barua hii nimeiandika kwa siku tisa, mistari michache kila asubuhi kabla mkono haujachoka. Anayekuletea ni Rogasian, katekista wetu, ambaye ana safari ya Biharamulo, ili isichelewe. Habari za nyumbani ni moja: daktari amesema figo zangu zimechoka, na hakuniambia nirudi lini. Selestina alikuwa anajua. Sasa na wewe unajua. Usilie kwanza, soma.

Yule wa pili, anayeogopa kumbeba mke wake. Nimemsoma mara nyingi kuliko ninavyosoma sala zangu. Maneno yake niliyasoma mara ya kwanza mwaka 1995, yakiwa kwa mwandiko wa baba yako.

Shirika lile lilikuwa dogo, na limeshafungwa siku nyingi. Tulikuwa na madereva sita, na baba yako ni mimi niliyemtafutia kazi. Jioni wakirudi, kila mmoja aliandika shida za gari lake kwenye daftari la mazoezi lililofungwa kwa kamba mlangoni mwa ofisi yangu. Waliandika kama walivyosema, nusu Kiswahili, nusu Kihangaza, pamoja na matusi kwa gari. Kila Ijumaa mimi niliyanakili kwenye rejista kubwa kwa Kiswahili safi, mstari mmoja kwa kila gari, na fundi alifuata rejista, si daftari. Mkuu wetu alikuwa mgeni na alipenda rejista ile. Wageni wakija aliwaita: "Tazameni kazi ya Idefonsi." Nilisoma seminari miaka minne, Clotilda, nikarudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Hakuna mtu aliyewahi kunionyesha kwa wageni kabla ya siku zile.

Baba yako aliandika kwamba akisimama mteremkoni pedali inashuka taratibu mpaka chini, na akikanyaga mara ya pili inarudi, na mafuta hayapungui. Sikiliza jinsi alivyoangalia vizuri. Mtu asiyejua kitu kuhusu silinda ya breki alikuwa ameeleza ugonjwa wa silinda hatua kwa hatua. Mimi nikaandika kwenye rejista: "Breki ziangaliwe." Fundi akaangalia. Mafuta yamejaa, pedi za breki nene. Akatia sahihi.

Wiki iliyofuata baba yako akaandika tena, safari hii kwa hasira. Nikaandika: "Breki ziangaliwe tena." Fundi akatia sahihi tena. Baba yako akaja dirishani kwangu.

"Kaka, umewaambia?"

"Nimeandika."

"Umeandika kama nilivyosema?"

"Nimeandika vizuri zaidi," nikamwambia.

Siku kumi na moja baadaye pikapu ya baba yako ilikuwa ikishuka kuelekea mto Ruvubu na watu tisa nyuma. Mbele yake lori lilikuwa limekwama katikati ya barabara. Aliligeuza gari liingie mtaroni ili asiwapondee watu kwenye lori. Lilipinduka. Mungu alisaidia hakufa mtu, lakini Nimpaye alivunjika nyonga, na baba yako alipigwa kichwa, akakaa siku nne hajui aliko.

Barabarani hapakuwa na alama za matairi kuburuzika. Polisi wakasema, hakukanyaga breki. Wakasema, alisinzia. Alipopata fahamu alisema kitu kimoja tu: "Nadhani niliandika. Mwulizeni kaka yangu."

Wakaniuliza. Nikawapa rejista. "Breki ziangaliwe," na sahihi ya fundi pembeni. Wakauliza kama kuna kumbukumbu nyingine yoyote. Daftari la kamba lilikuwa ndani ya mtoto wa meza yangu, mbele ya magoti yangu. Nikasema hakuna.

Nimejieleza mara nyingi kwa nini. Nimejiambia nilikuwa na watoto sita. Nimejiambia nilitishwa na mkuu. Hakunitisha, hata hakuwepo. Ukweli ni kwamba wangeliweka daftari na rejista pamoja mezani, na kila mtu angeona kwamba yule aliyeandika vibaya alisema kila kitu, na mimi niliyeandika vizuri sikusema kitu. Niliona aibu. Kwa aibu hiyo mdogo wangu alikaa gerezani miezi kumi na minane, akatoka akahamia Nemba, mahali alipodhani hatajulikana, na amezeeka akiamini kwamba alilala na watu tisa mgongoni.

Alipoambiwa hakuna daftari, aliniangalia, akasema, "Basi labda niliota." Sijawahi kumsikia mtu akisema neno baya zaidi kuliko hilo, na halikuwa hata na hasira.

Daftari nililitupa chooni. Kurasa mbili zenye mwandiko wake zilinishinda, nikazichana kwanza. Nilizificha nyuma ya picha ya harusi yangu, na ndizo hizi nilizokunjia humu. Mpe yeye kabla hujampa barua. Aone mwandiko wake mwenyewe kwanza, asianze na maneno yangu. Kisha nenda Bisibo ukamsomee Nimpaye barua yote, usiruke jina langu.

Na gari. Washa injini. Kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida, mguu utulie palepale, hesabu mpaka mia moja bila haraka. Kisha ufanye tena gari likiwa na mzigo, likiwa limetazama chini mteremkoni, na mawe makubwa yakiwa yamewekwa mbele ya magurudumu. Pedali ikizama hata kidogo, usikubali kuongezewa mafuta, usikubali kuambiwa "ni kawaida ya gari hili". Ni ile mafundi wanayoita masta silinda, mipira yake ya ndani imechoka na mafuta yanapita kurudi nyuma bila kumwagika nje. Ibadilishwe nzima.

Nilikuwa nikikataza bila kukueleza, nikitumaini utatii tu, na mimi nife na rejista yangu safi. Hukutii. Asante.

Idefonsi


Nemba, 20 Mei 2024

Baba mkubwa,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa makusudi. Nilitaka usubiri. Nasikitika sasa, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilikasirika hasira ambayo sikujua ninayo. Shuleni waliniita Clotilda Usingizi mpaka darasa la saba. Nikisinzia kidogo tu darasani, darasa zima lilinguruma kama gari linaloteremka. Nilidhani nimesahau. Nilipofika pale uliposema "nikasema hakuna" niliiweka barua chini, nikaenda kupalilia mahindi ambayo yalikuwa yameshapaliliwa.

Nianze na gari, kwa sababu ndilo lililokuwa na tarehe. Rogasian alifika tarehe 26. Tarehe 27 nilikuwa kwa Gozbert na fundi. Nilikaa mimi mwenyewe kwenye usukani nikahesabu. Nilipofika arobaini nilihisi mguu wangu unaenda chini. Taratibu, kama mtu anayeketi kwenye godoro. Nikasema, "Gozbert, njoo ukanyage." Akakanyaga, nikahesabu kwa sauti. Akaanza kucheka, akaacha. Akasema, "Mama, mimi gari hili huwa narudi nalo kwangu kila siku, na watoto ndani." Akatoka, akakaa chini kwenye tairi, hakuniambia tena habari za watu wa ng'ambo na viti vyao. Masta silinda mpya imetoka Mwanza, ameinunua yeye. Tumehesabu tena tukiwa na magunia kumi na mawili mteremkoni, mawe mbele kama ulivyosema. Mia moja, mia mbili, mpaka Ndassa akasema tutahesabu mpaka Krismasi. Haikusogea. Gari ni langu.

Sasa Baba. Nilifanya ulivyoagiza. Alikuwa amekaa nje anapukuchua mahindi. Nilimpa zile kurasa mbili. Alifuta mikono kwenye suruali, akazishika mbali na macho, akasoma. Akageuza, akasoma tena. Kisha akaangalia mguu wake wa kulia. Baba mkubwa, aliuangalia mguu kama mtu aliyemshtaki ndugu yake bure. Akasema, "Kumbe nilikanyaga."

Nikamwambia, "Ndiyo, Baba."

"Nilikanyaga, na haikurudi."

"Ndiyo."

Aliirudia siku nzima. Alimwambia Ndassa, alimwambia mama muuza dagaa ambaye hajui hata ajali gani. Barua yako nilimpa jioni. Aliisoma peke yake, akaikunja, akaiweka chini ya mto. Kwa siku tano nilijua ana hasira kwa sababu alikuwa akila sana. Siku ya sita aliingia kwenye gari likiwa limesimama uani, akakaa kiti cha mbele, akafunga mlango. Nikamletea chai humohumo.

Mama Nimpaye nilimsomea yote. Alisikiliza huku anachambua maharage. Nilipomaliza akasema, "Kwa hiyo miaka ishirini na tisa nimemnunia asiye mwenyewe?" Nikasema ndiyo. "Kila Jumapili namgeuzia mgongo kanisani, na nyonga hii inavyouma kugeuka?" Nikasema ndiyo, Mama. Akaweka ungo chini. "Na huyo mwenye mwandiko yuko mbali, siwezi hata kumnunia vizuri. Basi mwambie baba yako aje anywe togwa. Na wewe nitunzie kiti cha karibu na dirisha."

Baba amekwenda. Walikaa mpaka jua la saa kumi. Sikuuliza walisema nini.

Nimemwambia habari za figo zako. Hatakuandikia. Amesema, "Kuandika nimeshaandika mara mbili." Lakini ameuliza barabara ya Murukulazo ikoje siku hizi. Tutakuja mwezi wa sita, siku ya soko.

Bado sijajua nikuite nini moyoni mwangu. Kwa mdomo wewe ni Baba mkubwa na utabaki. Kunywa dawa.

Clotilda


Murukulazo, Jumanne 18 Juni 2024

Mwanangu Clotilda,

Marahaba ya mapema. Barua hii sitaituma kwa basi. Nitakupa mkononi utakapokuja, uisome sokoni wakati sisi wazee tunaendelea na yetu.

Ijumaa ulitushushia baba yako, ukaondoka na akina mama wako na magunia yako, na uliporudi baba yako akapanda gari tu. Najua ulitaka kuuliza. Nakuandikia kwa sababu wewe ndiye uliyenilazimisha, na una haki ya kujua ulichofanya.

Alisimama mlangoni, kofia mkononi. Miaka yote hii, hata gerezani, yeye ndiye aliyeniamkia kwanza. Safari hii nilimwahi.

"Shikamoo, Privatus."

"Acha ujinga," akasema. "Umezaliwa mwaka gani wewe? Na mimi mwaka gani? Basi. Shikamoo."

Nikaitikia, nikamsogezea kiti.

Akakaa. Aliniangalia nilivyokonda, akaangalia dari, akaangalia tena mimi. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea. "Kila mwezi ulikuwa unaniletea sabuni gerezani. Mbona ulikuwa unaleta?"

"Kwa sababu nilikuwa najua."

"Mimi niliwaambia wenzangu mle ndani kwamba kaka yangu ndiye mtu pekee asiyenitilia shaka."

"Ni kweli," nikamwambia. "Sikuwa na shaka hata kidogo."

Akanikazia macho. Nilidhani atanipiga, na ningefurahi. Badala yake alicheka, kicheko kibaya cha kukohoa, na mimi nikacheka, na Selestina akaja mbio kutoka jikoni akidhani nakata roho. Akatukuta wazee wawili wanafuta macho, akarudi akisema kwamba hii nyumba itamwua yeye kwanza.

Baadaye akaweka kofia magotini. Akasema, "Sijakusamehe. Usijidanganye."

"Sijidanganyi."

"Hasira yenyewe bado mpya. Nimeipata mwezi wa nne tu. Wewe umekuwa na habari hii miaka ishirini na tisa, umeizoea. Mimi unataka niimalize kwa siku moja kwa sababu figo zako zina haraka?"

"Hapana."

"Nimebadilisha siku na Clotilda, sasa sokoni ataenda Alhamisi. Nitakuja Alhamisi niendelee. Na Alhamisi nyingine. Kuna mambo ya gerezani sijawahi kumwambia mtu, na utayasikia yote." Uliposikika unapiga honi alisimama, akavaa kofia. Akafika mlangoni, akageuka. "Na usije ukafa kabla sijamaliza."

Ndivyo tulivyoachana.

Sijui nikueleze vipi, mwanangu. Nilitegemea ukweli ukishatoka nitabaki mtupu, kama debe lililokung'utwa. Lakini Jumamosi niliamka na njaa. Jumapili nilimwomba Selestina ugali ambao nilikuwa naukataa tangu Machi, na nikamaliza. Jana nimenyoa ndevu. Daktari akipita atashangaa, lakini sitamweleza.

Alhamisi ni kesho kutwa. Kuna mtu anakuja kunigombeza, na nimeagiza kiti chake kiwekwe upande wa sikio langu zuri. Endesha polepole, lakini msichelewe.

Baba yako mkubwa,
Idefonsi